Sista Dakika Kumi Anakabidhi Simu ya Siku ya Thelathini

Simu ya siku ya thelathini haitafutwa. Daktari Mkuu wa kliniki yetu alilisema hilo Jumatatu asubuhi, tarehe 25 Mei, mbele ya wafanyakazi wote, akiwa amesimama kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Alisema kazi hiyo itaendelea hata baada ya Ijumaa ya tarehe 29 Mei, siku ambayo Sista Dakika Kumi anastaafu akiwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi.

Kwa wageni watakaosoma taarifa hii, simu yenyewe ni hii: kijana aliyetoka jeshini anajaza dodoso letu fupi mtandaoni kuhusu unywaji wake wa pombe, na mwezi mmoja baadaye anapigiwa na mtu, si mashine, na kuulizwa anaendeleaje. Sista ndiye aliyeianzisha, na kwa miaka sita ameipiga mwenyewe. Mpango wa bodi ulikuwa kwamba akiondoka, dodoso libaki mtandaoni na simu ife, maana hapakuwa na wa kuipiga. Miezi minne ya mwisho ya kazi yake aliitumia kuupinga mpango huo.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Alikaa huko miaka kumi na mmoja, na waliofanya naye kazi bado wanasimulia habari ya chupa ya chai. Sajini mmoja aliyevunjika nyonga aliletewa chupa hiyo na nduguye kila mchana, na kila akishakunywa aliimba. Wenzake wa zamu walitaka kumripoti. Sista alivuta kiti, akaweka vikombe viwili juu ya kabati la kando ya kitanda, akasema, "Afande, leo nimechoka kweli. Nimiminie na mimi kidogo." Sajini akasema chai imepoa. Sista akasema hata ikipoa yeye anakunywa tu. Sajini akamkabidhi chupa nzima, na kuanzia siku hiyo wodi ilikuwa kimya. Hakuna kilichoandikwa kwenye faili.

Miaka tisa iliyofuata alikuwa chumba cha ushauri, idara ya wagonjwa wa nje. Miaka kumi na minne iliyopita kliniki hii ya wanajeshi wa zamani ilipofunguliwa, yeye alikuwa mfanyakazi wa tatu kuajiriwa, baada ya Daktari Mkuu na mlinzi wa getini. Mlinzi anapenda kukumbusha kwamba amemtangulia kwa siku mbili.

Jina la Dakika Kumi alipewa na wagonjwa. Kila aliyesitasita mlangoni aliambiwa, "Nipe dakika kumi tu, kisha uende zako." Wagonjwa waliona anatimiza ahadi. Sisi tuliokaa naye vikaoni tuna ushahidi tofauti, na kikao cha Machi mwaka jana kuhusu ufunguo wa stoo bado hakijasahaulika.

Tatizo lililomsumbua lilionekana kwenye daftari la mahudhurio. Katika mwaka wake wa nane hapa, vijana wa chini ya miaka thelathini na mitano waliokuja kwa sababu ya pombe walikuwa kumi na saba. Kati yao, kumi na wanne walikuja mara moja tu. Wakati huohuo, wauguzi wa kitengo cha majeruhi walikuwa wakiwaona vijana haohao kila Jumapili asubuhi, na mishono juu ya nyusi. Sista akaanza kuwauliza waliokuja mara moja. Mmoja, mpishi wa zamani wa jeshi, alimjibu bila kupepesa: "Sista, mimi sina tatizo na pombe. Tatizo langu ni hilo benchi lenu."

Benchi hilo wakati huo lilikuwa nje, likitazama kituo cha mabasi. Aliyekaa hapo alionwa na mtaa mzima, wakiwamo aliotumikia nao. Benchi lilihamishiwa ndani wiki hiyohiyo. Vijana hawakurudi. Ndipo Sista alipokwenda kwa Daktari Mkuu na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: kama hawaji kwenye benchi, maswali yaende kwenye simu zao.

Wengi hawakumuunga mkono. Mfamasia wetu, ambaye leo ni mtetezi mkubwa wa dodoso, alisema waziwazi kwamba mlevi hajazi fomu, anajaza glasi. Aliyekubali ni binti wa chumba cha kompyuta, tunayemwita Fundi, na wawili hao walikaa pamoja miezi mitano. Sista alikuwa akichapa kwa kidole kimoja na kuandika nywila zake kwenye kalenda ya ukutani, jambo ambalo Fundi alilizungumzia kwa utulivu mara tatu na kwa sauti kubwa mara moja. Lakini kwenye maswali, Fundi anakiri, mwalimu alikuwa Sista. Rasimu ya kwanza iliuliza kama mtu anakunywa kupita kiasi. Sista aliifuta. "Kiasi cha nani?" aliuliza. Akaandika: Juma lililopita ulikunywa chupa ngapi? Anza na jana. Alijua kutoka wodini kwamba jana mtu anaikumbuka, na akishaitaja jana, juzi inakuja yenyewe.

Dodoso lina maswali kumi na mawili. Ukimaliza, unaoneshwa vitu viwili: ulivyodhani wenzako wa rika lako wanakunywa, na wanavyokunywa kwa kweli kulingana na majibu yao. Ukurasa huo hauna picha ya ini wala mawaidha. Wengi hudhani wenzao wanamaliza chupa ishirini kwa juma, kumbe ni nane. Anayekunywa kumi na nane huingia akijiona wa kawaida, hutoka akiwa na la kuwaza.

Wiki ya kwanza zilipokelewa fomu 240. Daktari Mkuu aliagiza soda kwa kliniki nzima. Sista hakuinywa ya kwake; alikuwa anasoma fomu moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye nafasi ya hiari ya namba ya simu akaona namba moja imejirudia mara kumi na moja. Fomu zote kumi na moja zilitumwa siku moja, kati ya saa kumi na dakika kumi alasiri na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Fundi alitaka kuzifuta zote. Ni mchezo wa mtu asiye na kazi, alisema. Sista akamwomba asubiri, akapiga ile namba.

Aliyepokea alikuwa mwendesha winchi wa ghala moja, aliyetoka jeshini miezi minane kabla akiwa koplo na kiongozi wa kikosi kidogo cha watu kumi na wawili. Kliniki nzima leo inamwita Koplo, na kwa ruhusa yake mazungumzo yale yanaelezwa hapa kama wote wawili wanavyoyakumbuka.

"Nimeona namba yako kwenye fomu kumi na moja," Sista alisema.

"Ndiyo, Sista. Za vijana wangu. Zimefika zote?"

"Zimefika. Lakini kila mtu alitakiwa ajaze yake."

"Sasa kosa liko wapi? Taarifa ya kikosi inatolewa na kiongozi. Nimempigia mmoja mmoja, nimemuuliza kila swali, nimeandika alivyojibu. Mmoja nilimrudia mara mbili maana alikuwa ananidanganya."

"Umejuaje alikudanganya?"

"Aliniambia chupa tatu kwa wiki, Sista. Yule? Nimelala naye hema moja miaka mitatu."

Sista alicheka, kisha akauliza kikosi kilikuwa na watu wangapi. Koplo akasema kumi na wawili, na yeye akiwamo.

"Fomu nilizonazo ni kumi na moja."

"Mimi ndiye niliyekuwa nauliza."

"Najua. Nipe dakika kumi, na mimi nikuulize wewe. Anza na jana."

Jana yake ilikuwa chupa saba. Juzi saba. Jumla ya juma lile ilikuwa thelathini na nne, bila kuhesabu pombe kali ya Jumamosi ambayo hakuweza kuikadiria. Wakati huo alikuwa na mke, mtoto wa kike wa miaka mitatu, na kazi ya kuinua mizigo ya tani nne juu ya vichwa vya watu.

Fundi aliongeza mstari juu ya dodoso, ambao upo hadi leo: Jaza ya kwako tu, mwenzako ana simu yake. Ila kosa la Koplo lilikuwa limefundisha jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Mwezi mmoja baadaye Sista aliwapigia wale kumi na mmoja. Saba walikuwa wamepunguza, na hata mmoja wao alikuwa hajauona ukurasa wa majibu, kwa kuwa fomu zilijazwa na mwingine. Alipouliza kilichowafanya wapunguze, majibu yalifanana. Mmoja alisema, "Koplo aliniuliza chupa ngapi, nikasikia aibu kuitaja ile namba kwa mdomo wangu." Kabla ya hapo mpango ulikuwa mashine itume ujumbe siku ya thelathini. Sista akaubadilisha siku ileile: dodoso libaki kwenye simu ya mtu, lakini baada ya mwezi asikie sauti ya mtu. Hivyo ndivyo simu ya siku ya thelathini ilivyoanza.

Namba za miaka sita ziko hivi. Waliojaza dodoso ni 4,118. Waliopokea simu na kuzungumza ni 2,306. Kati ya hao, 1,271 walisema wanakunywa pungufu kuliko mwezi uliotangulia, na wengi wa waliobaki hawakubadilika. Sista ametaka iandikwe pia kwamba tisini na wanne walisema wanakunywa zaidi, na kwamba haya yote ni maneno ya watu kuhusu nafsi zao, hakuna aliyepimwa damu. Imeandikwa.

Jaribio lililoonesha thamani ya simu halikupangwa na mtu. Miaka mitatu iliyopita Sista alifanyiwa upasuaji wa goti, akawa nyumbani miezi mitatu. Badala ya simu, mashine ilituma ujumbe wa maandishi. Kabla ya hapo, kati ya kila watu mia, hamsini na tisa walizungumza naye. Waliojibu ujumbe wa mashine walikuwa kumi na wanane.

Koplo, ambaye kwa ombi lake mwenyewe alikuwa akipigiwa kila mwezi, alikuwa miongoni mwa wasiojibu. Alikuwa ameshuka hadi chupa tano kwa juma. Ndani ya miezi ile mitatu alirudi kwenye thelathini, mkewe akachukua mtoto na kwenda kukaa kwa dada yake, na ghala likamtoa kwenye winchi na kumpa fagio. Sista alirudi kazini akiwa na gongo la kutembelea, na simu yake ya kwanza ilikuwa kwa Koplo.

"Nilidhani umekufa," Koplo alisema.

"Goti tu. Haya, anza na jana."

Ilimchukua miezi saba kurudi alipokuwa. Mke na mtoto walirejea nyumbani kabla ya winchi. Leo Koplo anasema hunywa bia mbili Jumamosi, na Jumamosi nyingine hanywi kabisa, na kwamba hana mpango wa kuwa mtakatifu.

Kwa hiyo Januari mwaka huu, bodi ilipoeleza mpango wa kuibakiza mashine na kuifuta simu, Sista hakuandika barua ndefu. Aliomba dakika kumi kwenye kikao cha bodi na akaja na Koplo. Hakumweleza anachoitiwa zaidi ya kwamba wakubwa wanataka kusikia. Koplo alisimama kama anasomewa mashtaka. Alisema maneno machache ambayo katibu wa bodi aliyaandika yote: "Siku ya thelathini nilitoka kazini mapema. Nikakaa na simu mezani. Ukaja ujumbe, nikausoma, nikaona hakuna mtu hapa. Nikavaa viatu nikaenda baa."

Mjumbe mmoja akauliza swali la haki: sawa, lakini Sista anaondoka, nani atapiga? Sista akamnyooshea Koplo kidole. "Huyu amekuwa akiwapigia wenzake kumi na mmoja miaka sita, bila ajira na bila dawati."

Koplo aligeuka. "Sista, hukuniambia hilo."

"Ningekuambia, ungekuja?"

Bodi haikuamua siku hiyo. Ilitaka kwanza aonekane anaweza, na wiki nane za mafunzo zikaanza mwezi Machi. Mwanzo haukuwa mzuri. Simu yake ya kwanza ya majaribio Koplo aliipiga kama anaita majina gwarideni, na kijana wa upande wa pili, mtunza stoo wa zamani, akajibu "Ndiyo, afande!" kwa kila swali, pamoja na lile la chupa ngapi. Ya pili Koplo aliuliza na kujijibu mwenyewe. Sista alimwekea saa ya mezani mbele yake na kumpa amri moja: uliza, kisha kaa kimya mpaka mshale wa sekunde upite alama saba. Koplo anasema amewahi kukaa lindo saa kumi na mbili bila shida, lakini sekunde zile saba zilimtoa jasho. Kufikia wiki ya sita watu walikuwa wanaongea naye zaidi kuliko walivyoongea na Sista, na Sista ndiye aliyekwenda kumwambia Daktari Mkuu hivyo.

Yapo masharti mawili, yote ya Sista. Koplo ataulizwa maswali yaleyale kila mwezi kama mtu mwingine yeyote, na atakayemuuliza ni mfamasia. Na akijiona anateleza atasema mapema, na hatafukuzwa kwa kusema. Bodi ilisaini Ijumaa iliyopita. Huo ndio uamuzi ambao Daktari Mkuu aliutangaza Jumatatu.

Sista ana mume, watoto watatu na mjukuu mmoja. Mumewe, fundi cherehani, alipoombwa maoni kwa ajili ya taarifa hii alisema anajiandaa kuishi na mtu anayeuliza swali kisha ananyamaza. "Nimeshamwambia, hapa nyumbani jana haiulizwi," alisema. Dada yake mdogo, ambaye ni mkulima wa mboga, amemtengea matuta sita ya mchicha na ametangaza kwamba hakuna kikao kitakachofanyika shambani. Goti linaruhusu matuta manne. Mazungumzo yanaendelea.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa saa tisa alasiri, ukumbi mdogo wa ghorofa ya chini. Kutoka kikosi cha Koplo, tisa wamethibitisha kuja. Wa kumi anafanya kazi mbali na hakupata ruhusa. Wa kumi na moja, yuleyule aliyesema chupa tatu, ametuma ujumbe kwamba bado anakunywa kama zamani na asingependa kuja akinuka kwenye siku ya Sista. Sista alimpigia jana na kumwambia aje hivyohivyo. Hadi taarifa hii inakwenda kuchapwa, alikuwa hajakubali wala kukataa.

Daktari Mkuu, wauguzi, chumba cha kompyuta, duka la dawa, wahudumu wa usafi na mlinzi aliyekutangulia kwa siku mbili tunakushukuru, Sista. Umetufundisha kuuliza vizuri na kusubiri jibu. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, goti lisilolalamika kwenye ngazi, mjukuu anayekutafuta kila saa, na mchicha unaoota hata usipokaguliwa.

Koplo ataanza rasmi Jumatano, tarehe 3 Juni, saa kumi na moja jioni, wakati ambao watu wametoka kazini na hawajafika baa. Orodha ya juma hilo ina watu kumi na tisa. Wa kwanza ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa mpiga redio jeshini na sasa anasomea useremala. Alijaza dodoso tarehe 4 Mei. Chupa alizotaja ni ishirini na sita, na kwenye nafasi ya mwisho, ambayo watu wengi huiacha wazi, ameandika: Pigeni, nitapokea.